Nani akae kwenye kiti cha mjomba?

BARUA

Ba mama mshauri, jambo yenu.

Mimi ni mama wa watoto watano, naishi Katuba hapa Lubumbashi. Nauza vitenge sokoni, namshukuru Mungu biashara inatulisha. Binti yangu wa kwanza amepata mchumba, kijana wa heshima, wazazi wake ni Baluba wa Kamina. Walikuja kujitambulisha, tukawapokea vizuri, wakala bukari na samaki, wakacheka na sisi mpaka jioni. Tulipatana walete mali, yaani mahari, mwezi ujao. Shida haitoki kwao. Shida iko ndani ya nyumba yangu.

Mume wangu ni Mushi, mtu wa kabila la Bashi, alitoka Walungu kule Kivu akaja huku akiwa kijana, kabla hatujajuana. Mimi ni Mubemba wa Kasenga. Miaka yote hii hatujagombana juu ya kabila hata siku moja. Watoto wanasema Kiswahili na Kifaransa, basi. Sasa tulipokaa kuandika ile karatasi ya mali, watu wanaiita faktire, mume wangu akaandika: suti ya baba, vitenge vya mama, blanketi ya bibi, mbuzi wawili, kasiye (kreti) za bia na za soda, na pesa. Nikamwambia, hujaandika vya mujomba. Akauliza, mujomba gani? Nikasema kaka yangu. Akanijibu, "Huyo nitampa mguu wa mbuzi, ale, arudi kwake."

Kaka yangu alisikia. Nani alimpelekea maneno, sijui. Akapiga simu kutoka Kasenga, sauti juu mpaka nikatoka nje ya meza yangu wateja wasisikie. "Mwambie bwana yako watoto ni wa kwetu. Mimi ndiye mujomba. Bila mimi kukaa pale hakuna ndoa. Nataka mbuzi wangu, koti langu, na nusu ya pesa." Mume wangu alipoambiwa hivyo akasema shemeji yake akija na maneno hayo, yeye atabaki chumbani, wageni wapokelewe na hao wenye watoto.

Kuna na jambo lingine. Jirani yetu mmoja, mzee, ni rafiki ya mume wangu tangu walipokuwa kazi moja. Watoto wangu wanamwita tonton, kama Wafaransa wanavyomwita ndugu wa kiume wa mzazi, wale wadogo wanasema mujomba. Mume wangu alipopoteza kazi, huyo mzee ndiye alilipa minervali, ada ya shule, ya huyu binti kwenye sekondari mpaka akapata diploma ya serikali. Binti ameniambia waziwazi: "Mama, mujomba wangu ni huyu. Yule wa Kasenga nimemwona mara ngapi? Fimbo ya mbali haiui nyoka." Anataka mzee akae kwenye kiti cha mujomba na avishwe koti siku ile. Mzee mwenyewe ananyamaza, lakini naona amefurahi.

Nami sijui niende wapi. Kaka yangu hakuwa karibu na watoto, hilo ni kweli. Anakuja Lubumbashi wakati wa kilio, analala siku mbili, anarudi. Lakini huyu binti alipozaliwa nilipasuliwa, na hospitali ikanizuia mimi na mtoto kwa sababu hatukuwa na pesa ya kulipa, na kaka yangu akauza samaki wake wote wa kukausha pamoja na baiskeli akaja kututoa. Sitaki kusema mengi juu ya hilo.

Ba mama, mujomba ni nani hasa? Ni ndugu ya mama hata kama nyumbani hajulikani, au ni yule aliyelea? Kaka yangu ana haki ya kudai nusu ya mali? Na ni kweli watoto ni wake? Nisaidieni kabla mwezi haujaisha, maana nyumbani hatusemezani.

Mama wa bibi harusi, Katuba

JIBU

Mama, jambo sana, na hongera kwa kumkuza binti mpaka watu wametoka Kamina kuja kumwomba.

Nitaanza na majibu, kisha nikueleze sababu zake, kwa kuwa utazihitaji mbele ya wanaume wawili wenye hasira. Mjomba wa binti yako ni kaka yako. Mzee jirani anastahili kiti siku ile, tena cha heshima, ila si hicho. Nusu ya pesa kaka yako hana msingi wa kuidai. Na watoto ni wenu ninyi wawili, wewe na mume wako.

Kwa Kiswahili jina hili halina utata. Mjomba ni ndugu wa kiume wa mama. Kaka wa baba si mjomba. Huyo ni baba, mkubwa kama alimtangulia baba yako kuzaliwa, mdogo kama alimfuata. Vivyo hivyo dada wa mama ni mama, mkubwa au mdogo, na dada wa baba ni shangazi. Tazama wazee walivyopanga: ndugu wa mzazi wako aliye wa jinsia moja naye anaitwa kwa jina la mzazi, na yule wa jinsia nyingine anapewa jina lake mwenyewe. Ndiyo maana mtoto wa baba mdogo ni kaka yako au dada yako kabisa, na kwa wengi wetu kumwoa ni mwiko mkubwa, ilhali mambo ya mtoto wa mjomba au wa shangazi hubadilika kabila kwa kabila.

Tulichofanya huku mjini ni kuwamwaga wote kwenye chungu kimoja. Kifaransa hakitofautishi kaka wa baba na kaka wa mama, na mtoto wa Lubumbashi amelichukua lile "tonton" akalieneza: ni la baba mdogo, la mjomba, la mpangaji, la fundi wa umeme, la rafiki wa baba anayepita Jumapili. Sina ugomvi na adabu hiyo. Mtoto akimwita mtu mzima tonton ni bora kuliko kumwita kwa jina lake. Lakini binti yako amekua na neno moja tu la kuwaitia wanaume wote waliomtendea wema, halafu siku ya mali anatakiwa ghafla ajue nani anakaa wapi. Hakukosea kumpenda yule mzee. Hakufundishwa.

Ugomvi wa mume wako na kaka yako ni wa namna nyingine, na ndio mzito zaidi. Wote wawili wanatamka mjomba, kwa Kiswahili hikihiki, kila mmoja akiwa na nyumba ya kwao kichwani.

Kwenu Babemba, kama kwa Balamba wa hapahapa Lubumbashi na Bakaonde wa upande wa Kolwezi, ukoo hupita kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mkubwa wa nyumba hiyo ni kaka wa mama. Kibemba chenu kinamwita yama, na mtoto wa dada yake ni mwipwa. Zamani cheo na urithi vilitoka kwa mjomba vikaenda kwa mpwa wake, mwana akabaki akitazama. Kwa hiyo kaka yako anaposema "watoto ni wa kwetu", anasema alichofundishwa tangu anatambaa. Hakukusudia kumtukana mume wako, ingawa mume wako amesikia tusi, na mimi ningekuwa yeye ningesikia tusi pia.

Kwa Bashi ni kinyume. Ukoo hupita kwa baba, mali ya kuoa huhesabiwa kwa ng'ombe, na ng'ombe akishapokelewa watoto watakaozaliwa wanajulikana ni wa nani. Mjomba ni mtu wa kupendwa, wa kukimbilia, wa kubariki, lakini haketi kugawa.

Sasa fikiri siku mume wako alipotoa mali yako kwa wazee wa Kasenga. Moyoni mwake alimaliza pia jambo la watoto. Wazee wenu walipoipokea, mioyoni mwao waliruhusu ndoa, watoto wakabaki wa ukoo wenu kama kawaida. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Jambo halikusemwa kwa sababu siku ile hakukuwa na mtoto wa kugombania, na kila upande uliona kwamba linajulikana. Limekaa hivyo bila kusemwa mpaka mtu wa kwanza kuja kumwomba mtoto wenu alipobisha hodi. Nimepokea barua nyingi za ndoa za makabila mawili katika mji huu, na ugomvi wa namna hii huzuka palepale kwenye faktire ya binti wa kwanza.

Mji wenyewe umechangia. Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilipoanzishwa mwaka 1910 ilikuwa mji wa migodi, na Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, kutoka Ruanda-Urundi, kutoka ng'ambo ya mpaka kwenye Zambia ya leo. Baadaye kampuni iliona faida kumweka mfanyakazi na mke na watoto kambini. Nyumba ilitokana na kazi ya baba, posho ya chakula ikahesabiwa kwa mke na watoto wake. Mjomba hakuwa kwenye karatasi ya kampuni. Watoto wa kambini, hata wa makabila ya ukoo wa mama, wakakua wakimjua baba kama mwenye nyumba, mwenye chakula na mwenye neno, na mjomba akawa mtu wa kuja likizo na mfuko wa karanga. Ndiyo maana hapa mjini utamkuta Mubemba anayesema mtoto ni wa baba na haoni ajabu. Kaka yako hakukulia mjini. Amekulia huko Kasenga, kando ya mto Luapula, amebaki na mjomba wa Luapula.

Kuhusu sheria, sitakaa sana, ila uijue. Sheria ya Familia ya Kongo, namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema mchumba na familia yake wanapatana na wazazi wa binti juu ya mali, na kwamba ndoa haifungwi kabla mali haijatolewa walau sehemu. Inataja wazazi. Hakuna mahali inaposema mjomba achukue nusu, wala kwamba bila yeye ofisi ya komini haiandikishi ndoa. Katika urithi, watoto wa marehemu ndio kundi la kwanza na fungu lao ni robo tatu. Wajomba, baba wakubwa na wadogo pamoja na mashangazi wamewekwa kundi la tatu, wote pamoja. Ule urithi wa kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, sheria haikuuendeleza. Kwa hiyo mume wako asilale akiwaza kwamba kuna mtu wa kumnyang'anya watoto. Hayupo.

Lakini usiende kumpiga kaka yako na sheria. Ukifika na kifungu mkononi atakuambia umwoze binti na kifungu chako, naye atakuwa amepata sababu nzuri ya kutokuja.

Sasa mzee jirani. Katika barua yako umeandika kwamba ni rafiki wa mume wako tangu walipofanya kazi pamoja. Basi jibu lake umeshalitoa mwenyewe. Rafiki wa baba huhesabiwa ndugu wa baba, na ndugu wa baba ni baba. Huyu mzee tangu mwanzo alikuwa baba mkubwa wa watoto wako, na lile tonton ndilo lililowapoteza wadogo wakafika kwenye mjomba. Alilipa shule mahali pa baba, baba alipokuwa hana. Hiyo ni kazi ya baba mkubwa, na aliifanya kikamilifu.

Fanyeni hivi. Kabla ya siku ya mali, mwiteni nyumbani, binti akiwepo. Mume wako ndiye aseme, wewe usimsemee: "Ndugu yangu, ulinishikia mtoto nilipokuwa chini. Wewe ni baba yake mkubwa. Siku ile utakaa kuume kwangu, na watakapoulizwa baba zake, watu wataonyeshwa sisi wawili." Kwa Mushi, hakuna kitu cha juu zaidi anachoweza kumpa mwanamume mwingine. Kumkalisha kwenye kiti cha mjomba mbele ya wageni, huku kila mtu wa Kasenga akijua si ndugu yako, kungekuwa kumwazima nguo ya mtu, na mwenye nguo angeweza kuingia wakati wowote. Mvisheni suti yake mwenyewe, mnunue ninyi, isiingie kwenye faktire ya watu wa Kamina. Na msijaribu kumrudishia zile pesa za shule kwa njia ya mali ya binti. Mtamuumiza.

Nimekuja kwenye sehemu ya barua yako ambayo uliipita haraka. Umeandika juu ya hospitali kwa sentensi moja, kisha ukasema hutaki kusema mengi. Mimi nakuomba useme yote, tena nyumbani kwako.

Binti yako anauliza yule wa Kasenga amemwona mara ngapi. Inaonekana hajui kwamba mara ya kwanza alikuwa na siku chache duniani, amezuiliwa wodini pamoja na wewe kama amana ya deni, na mtu aliyeuza samaki na baiskeli alikuja akalipa mkatoka. Sisi akina mama wa mji huu tunazijua wodi hizo. Tunajua mama aliyejifungua anavyolala sakafuni wiki nzima kwa sababu kitanda amepewa anayelipa, anavyofua nguo za mtoto kwenye beseni la kuazima, anavyosikia majina ya wenzake yakiitwa asubuhi na lake haliitwi. Na baiskeli kwa mvuvi au mchuuzi wa samaki wa Luapula ni kazi yake nzima. Kaka yako alirudi kwake akaanza upya. Mkalishe binti umsimulie hayo yote, mwanzo mpaka mwisho, usiku mmoja mkiwa peke yenu. Asilazimishwe kumpenda mjomba wake. Ajue tu anaongea juu ya nani. Na hiyo methali ya fimbo, ataona mwenyewe kama inamfaa mtu aliyetoka Kasenga na pesa mkononi.

Halafu zungumza na mume wako, naye peke yenu. Hapa nakisia, lakini nakisia kwa moyo wote: naona ugomvi wake na kaka yako haukuanza kwenye faktire. Mwanamume aliyeshindwa kumtoa mke wake hospitalini, akaona shemeji anakuja kumtoa, anabeba jambo hilo kwa miaka. Akisikia leo mtu yuleyule anadai nusu, anasikia deni la zamani likiitwa tena mbele ya watu. Ndiyo maana amesema atabaki chumbani. Usimwambie "kaka yangu alitusaidia", hilo analijua kuliko wewe. Mwambie unajua ilikuwa siku ngumu kwake pia, na kwamba hakuna mtu atakayeitaja mbele ya watu wa Kamina. Baadaye, akishatulia, mwulize juu ya mjomba wake mwenyewe kule Walungu. Alimpa nini? Alimwonya lini? Alimlilia nani? Mwache asimulie. Nijuavyo mimi wanaume wa Bushi, nchi ya Bashi, atasimulia muda mrefu, na hakuna atakaposema kwamba mjomba wake alikuwa mtu wa kupewa mguu wa mbuzi na kuonyeshwa mlango.

Kaka yako asiongeleshwe kwa simu tena. Simu imeshaharibu vya kutosha. Kama unaweza kupanda gari uende Kasenga, nenda, hata kwa usiku mmoja. Kama soko halikuruhusu, mwombe aje siku kadhaa kabla ya wageni, alale kwako, ale chakula chako. Mpokee kwa magoti kama mlivyofundishwa kwenu. Kisha mwambie maneno mawili.

La kwanza, kwamba wewe dada yake unamtaka pale, kwenye kiti chake, na hakuna mwingine atakayekikalia. Anza na hili, kwa sababu nafikiri ndilo analolidai kwa sauti yote ile. Mtu aliyehakikishiwa kiti hupunguza bei.

La pili, kwamba neno "watoto ni wa kwetu" alihifadhi kwa ajili ya kazi yake. Kwa Babemba mjomba mwenye haki ni mjomba mwenye mzigo. Mpwa akipigwa kwa mume wake, anakimbilia kwa nani? Akifiwa na mtoto, nani anasimama kwa ukoo wa mama? Wakitengana, nani anakwenda Kamina kuzungumza? Mwulize hayo taratibu, binti akiwa amekaa hapo chini karibu naye, na umwache ajibu kwa kinywa chake: mlango wangu uko wazi kwako. Nataka binti yako alisikie jibu hilo kabla hajaolewa. Kwake litakuwa na thamani kuliko koti lote. Na kama kaka yako hawezi kulitamka, hapo utakuwa umejua kitu muhimu juu ya dai lake, na utakuwa na haki ya kumwambia hivyo.

Kuhusu vitu vyenyewe: mbuzi mmoja wa mjomba na koti la mjomba viandikwe kwenye faktire, kwa jina hilohilo, mstari wao peke yao. Ni desturi inayojulikana mji mzima, watu wa Kamina hawatashangaa, ingawa kwao Baluba ukoo ni wa baba. Pesa ni ya wazazi. Katika pesa hiyo, mume wako akishaipokea, atoe kiasi akiweke kwenye bahasha, amkabidhi kaka yako kwa mikono miwili, wageni wakishaondoka. Kiasi gani? Mpatane ninyi watatu mapema, kisiwe cha aibu na kisikaribie nusu. Yatoke mkononi mwa mume wako, yasitoke mkononi mwako. Hapo mume wako anatoa kama baba mwenye nyumba, kaka yako anapokea kama mjomba, na hakuna aliyeshindwa.

Nakuomba pia usiiache faktire inenepe. Kila anayeongezwa jina ataongezewa kitenge, na mwisho wa siku kijana wa watu ataanza ndoa na deni ambalo mtoto wako ndiye atakayelila. Nimeona mabinti wakitukanwa kwa faktire za wajomba wao miaka mingi baada ya harusi. Kama mnaongeza mbuzi wa mjomba, ondoeni kitu kingine. Zile kasiye za bia, kwa mfano.

Siku yenyewe awepo msemaji mmoja tu wa upande wenu, mtu asiye mume wako wala kaka yako, na asome karatasi moja. Mume wako akae katikati, baba mkubwa kuume kwake, mjomba kushoto kwake, ukiwa wewe nyuma yao na dada zako. Binti akiulizwa kama anamjua kijana huyu na kama mali ipokelewe, huwa ni desturi nyumba nyingi amtazame mtu kabla ya kujibu. Mwacheni amtazame anayemtaka.

Na kama baada ya yote hayo kaka yako atakataa kuja? Kumbuka ukoo hauna mjomba mmoja. Mdogo wako wa kiume ni mjomba. Mtoto wa kiume wa mama yako mkubwa naye ni mjomba, kwa kuwa huyo ni kaka yako. Mwombe kaka yako mwenyewe amtume mmoja wao kwa niaba yake. Kumwomba amtume ni tofauti na kumruka, na hata mwenye hasira hulisikia hilo. Mbuzi wake msimchinje siku hiyo. Mpelekeeni Kasenga akiwa hai, pamoja na koti, na apelekwe na binti na mume wake mpya.

Faktire iandikwe upya wiki hii, kabla watu wa Kamina hawajaomba nakala.